Siku Niliyompima Macho Aliyeniacha

Nilimtambua kwa kikohozi kabla sijalifungua faili lake. Alikuwa amesimama mlangoni, kashikwa mkono na mama yake, akasafisha koo kidogo kama anavyosafisha kila jioni kabla ya kusoma taarifa ya habari. Watu wote wenye televisheni wanakijua kikohozi kile. Mimi nilikijua kabla yao.

"Samahani, dada, hapa ndipo pa vipimo?" akauliza.

Aliyekuwa akiulizwa ni mimi, lakini uso wake ulikuwa umeelekea kwenye koti langu la mvua lililotundikwa ukutani.

Miaka minne nilikuwa naingojea siku hiyo. Nilikuwa nimeitunga kichwani kwa namna nyingi. Mara nakutana naye kwenye lifti, mimi nimependeza, yeye amechakaa. Mara nampita barabarani ndani ya gari zuri na mvua inamnyeshea. Sikuwahi kuota kwamba angekuja mwenyewe hadi kwenye kiti changu, tena akiwa haoni, anasalimiana na koti.

"Ndipo hapa," nikajibu. "Karibu ukae."

Nilikuwa na mafua. Sauti ilikuwa imekwaruza, na barakoa ilinifunika pua na mdomo. Mama yake alinikagua kutoka juu hadi chini. Lakini macho yake yalinipita kama yanavyopita kiti. Yeye alimjua msichana mwenye nywele ndefu na miwani minene kama kitako cha chupa. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi, hana miwani, amevaa koti jeupe.

"Mama, utatusubiri pale nje kidogo."

"Binti, huyu si mtu wa kawaida. Unamjua lakini?"

"Hakuna asiyemjua, mama."

Akatabasamu kwa kuridhika, akatoka na kufunga mlango.

Nieleze kazi yangu, maana mambo yote yaliyofuata yanatokana nayo. Mimi ni mpimaji katika kliniki ya macho. Kila mtu anayetaka kuachana na miwani kwa upasuaji wa leza lazima apite kwangu kwanza. Namkalisha mbele ya mashine, naipima konea yake, kile kioo cha mbele cha jicho, unene wake na mkunjo wake. Halafu naandika chini ya karatasi: anafaa, au hafai. Anayetia sahihi ni daktari, lakini daktari wetu ana wagonjwa wengi na ananiamini. Nikiandika anafaa, basi huyo anafaa.

Nikaketi mbele yake, nikafungua faili.

"Lenzi zako umeziacha lini?"

"Wiki mbili na siku moja. Kama mlivyoniagiza kwenye simu. Kazini nimedanganya naumwa mgongo."

"Na ulianza kuzivaa lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na sita."

Kalamu ilisimama yenyewe.

Miaka kumi na sita! Mimi na yeye tulianza kupendana akiwa na ishirini na sita, tukakaa miaka mitatu. Miaka mitatu nilimtazama ndani ya macho yale, nikiyasifia, na muda wote yalikuwa yamevaa lenzi. Hakuniambia.

Mnisamehe nirudi nyuma kidogo. Siku aliyonipeleka kwao kunitambulisha, alisimamisha gari nje ya geti, akanishika kidevu. "Kiduchu," akaniambia, ndilo jina alilonipa, "vua miwani kidogo tu. Nataka mama aone macho yako yalivyo mazuri." Nikaivua. Nilikuwa nampenda, angeniambia nivue viatu nitembee juu ya moto ningevua. Bila miwani watu wote sebuleni walikuwa madoa. Nikaliendea doa lililokuwa kwenye kiti kikubwa, nikaliamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, mama." Lilikuwa ni mjomba wake, mwanamume mwenye ndevu. Chumba kizima kiliangua kicheko. Nilipotaka kumimina chai nikaimimina pembeni ya kikombe, ikamwagikia miguuni mwa shangazi. Mama yake akasema kwa sauti ya kusikika: "Msichana huyu macho yake mabovu. Kwetu hatuna ugonjwa wa macho, na hatutauleta kwa kuoa."

Nilimgeukia yeye anitetee. Sikuuona uso wake, nilimsikia tu. Alikuwa anacheka, na aliyeanza kucheka kabla ya wote alikuwa yeye. Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe wa mistari mitatu kwenye simu, na uchumba ukaishia hapo.

"Dada?" akaniita. "Upo?"

"Nipo. Kuna mtu mwingine kwenye familia mwenye tatizo la macho?"

Akageuza kichwa upande wa mlango.

"Haya yanabaki humu ndani?"

"Yanabaki humu."

"Mama. Anavaa lenzi zile ngumu tangu ujana wake. Na mjomba alipandikizwa konea, sasa mwaka wa kumi."

Niliandika. Kila neno. Kumbe siku ile sebuleni wenye macho mabovu tulikuwa wengi! Mama aliyenihukumu alikuwa na lenzi machoni. Mjomba niliyemwita mama alikuwa na konea ya marehemu. Na mpenzi wangu, aliyenivua miwani, alikuwa ananiona vizuri kabisa kwa sababu miwani yake ilikuwa imefichwa ndani ya macho.

"Niliambiwa nina astigmatizimu," akaendelea. "Ndiyo inayonitia hofu. Watu wanasema mwenye astigmatizimu hafanyiwi leza."

"Watu husema mengi. Wengi wanafanyiwa, tena wanapona vizuri. Mimi mwenyewe nilifanyiwa, hapa hapa."

"Kweli?"

"Kweli. Jicho la kawaida limeviringika kama mpira. Lenye astigmatizimu limekunjika kama mgongo wa kijiko, ndiyo maana mwanga hautui mahali pamoja. Leza inausawazisha ule mkunjo. Ili mradi konea iwe nene ya kutosha, mkunjo uwe umetulia pande zote, na namba ya miwani isiwe inabadilikabadilika. Yako inabadilika?"

"Kidogo," akasema haraka mno. "Kidogo sana."

Swali lililofuata halikuwa kwenye fomu.

"Umewahi kumwambia mtu? Nje ya familia?"

"Hapana. Hata mchumba wangu hajui. Tunaoana mwezi ujao." Akatabasamu, lile tabasamu ambalo zamani lilikuwa likinifanya nisahau nilichotaka kusema. "Kulikuwa na msichana mmoja zamani, yeye nilikaribia kumwambia. Alikuwa na miwani mikubwa, wala hakujali. Nilikuwa namwonea wivu."

"Ikawaje?"

Nilingoja. Nasema kweli, kama angenijibu vingine, labda asubuhi ile ingekuwa na mwisho mwingine. Kama angesema nilimwaibisha. Kama angesema hata nilimkosea.

"Aa, hatukuelewana tu," akasema, akapunga mkono kana kwamba anafukuza inzi. "Mambo ya ujana."

Kitu fulani kikafungwa ndani yangu kama mlango wa chuma.

"Weka kidevu hapa," nikamwambia. "Paji la uso liguse hapo. Tazama taa ya kijani, usipepese."

Mashine yetu inachora konea kwa rangi kama ramani. Astigmatizimu ya kawaida huonekana kama namba nane, nusu ya juu inalingana na nusu ya chini. Yake haikulingana. Chini palikuwa pekundu, pametuna, na penye uvimbe ndipo palipokuwa pembamba kuliko pote. Konea ilikuwa inachongoka. Nilijua nilichokuwa nakitazama. Mtu wa namna hii ukimpunguza konea kwa leza, unaondoa ukuta ambao tayari unaanguka. Baada ya mwaka mmoja au miwili angekuwa anaona kila mtu na kivuli chake, na hakuna miwani ambayo ingemsaidia.

Nilipiga picha nne kila jicho. Tatu zilisema ukweli. Ya nne ilidanganya: alikuwa amepepesa na kusogeza kichwa, mashine ikajazia yenyewe palipokosekana, ikatoka namba nane ya kupendeza.

Nikaitazama ile ya nne kwa muda.

Sikuwa na haja ya kutunga kitu. Nilitakiwa tu kuchagua. Mama yake alitaka afae, yeye alitaka afae, harusi ilitaka afae. Nikachapa picha ya nne peke yake, nikaandika chini yake anafaa, nikaipeleka chumba cha pili. Daktari alikuwa amesimama, kikombe mkononi, anajiandaa kuingia kwenye upasuaji.

"Yule mtangazaji," nikasema.

Akaitupia jicho. "Vizuri. Mpangie Alhamisi, saa mbili asubuhi." Akatia sahihi.

Kumbe ni rahisi hivyo. Nilitoka na karatasi nikiwa nimelowa jasho mgongoni. Kwenye korido mama yake aliniona, akasimama.

"Vipi, binti?"

"Alhamisi, mama."

Akanikumbatia. Marashi yake yalikuwa yale yale. "Wewe ni malaika! Hujui ulivyotusitiri. Harusi imekaribia, na wakwe wenyewe wale, wakijua..."

"Wakijua nini, mama?"

Akashusha sauti. "Haya mambo ya macho. Hakuna mtu anayependa kuingiza ugonjwa kwenye ukoo wake. Hata ningekuwa mimi nisingekubali."

"Hata ungekuwa wewe," nikarudia.

"Nisingekubali katu!"

Nikajitoa mikononi mwake taratibu. Niliogopa nikikaa zaidi ningecheka kama mwendawazimu.

Chumbani alikuwa bado kwenye kiti, mikono mapajani, ametulia kama mtoto anayesubiri peremende. Nikamwekea karatasi kiganjani.

"Umefaa. Alhamisi."

Alifumba macho. Machozi mawili yakamtoka kweli. "Asante, dada. Hujui nilivyoteseka. Sijui hata sura yako ikoje, lakini sitakusahau maishani."

Sijui hata sura yako ikoje.

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha. Si huruma, msinisifie kwa nisichokuwa nacho. Nilisimama pale nikaiona Alhamisi, nikauona mwaka ujao, yeye amekaa gizani nyumbani kwa mama yake akilaani bahati yake, akimlaani daktari wa watu aliyenipa macho yangu. Mimi asingenitaja. Asingenijua. Angekuwa ameumizwa na mtu asiyemwona, na mimi ningekuwa nimeificha kazi yangu kama yeye alivyozificha lenzi zake. Nilikuwa nimengoja miaka minne nionekane, halafu nakubali kuwa doa?

Nikavua barakoa.

"Nirudishie hiyo karatasi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni uongo. Hufai."

Akakunja uso, akainua kichwa. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini sasa haikuzibwa na kitu. Niliona inavyomwingia taratibu.

"Sema tena," akanong'ona.

"Hufai. Hatukuelewana tu, siyo? Mambo ya ujana?"

"Kiduchu?"

Alinyoosha mkono kunigusa shavu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nikarudi nyuma hatua moja. Mkono ulibaki hewani. Nakiri moyo wangu ulipiga vibaya. Kumchukia mtu hakukufanyi usahau uzito wa kiganja chake.

"Mungu wangu. Ulikuwa hapa muda wote? Umenisikia nikisema..."

"Kila neno."

"Mama!" akaita, sijui kwa hofu au kwa mazoea. "Mama, njoo!"

Mlango ukafunguliwa. Mama yake aliniona bila barakoa, akatazama, akatazama tena, mkono ukaenda kifuani.

"Wewe! Si wewe yule... macho ya chupa?"

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Leo nimemwamkia anayehusika."

"Anasema sifai," mtangazaji akasema.

"Si amesema unafaa sasa hivi! Nimemkumbatia hapo nje!" Akanigeukia, kidole mbele ya pua yangu. "Umemtambua ndipo ukabadili maneno. Unalipiza kisasi! Kwa sababu hukuolewa! Simama mwanangu, twende kliniki nyingine, zimejaa mjini."

"Mama, nilimtambua tangu mlangoni," nikasema. "Karatasi uliyonikumbatia kwa ajili yake, inayosema anafaa, hiyo ndiyo kisasi. Ninayosema sasa ndiyo kazi yangu."

Nikawasha kioo cha ukutani, nikaziweka picha zote nne. Mama yake alifungua mkoba, akatoa kasha, akampa mwanawe miwani. Minene kuliko yangu ya zamani. Akaivaa.

Akanitazama mimi kwanza, si picha. Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi sikukwepesha uso. Nilitaka aone. Nilitaka aone nywele, shingo, macho haya yasiyofunikwa na kitu.

"Umependeza," akasema.

"Najua. Tazama ukutani."

Nikamwonyesha palipo pekundu. Nikamweleza kama ninavyomweleza mgonjwa yeyote: kwamba kosa si astigmatizimu, kwamba ingekuwa ya kawaida ningempeleka Alhamisi kwa moyo mweupe. Lakini hii yake haijatulia, konea inachongoka na kuwa nyembamba, na leza ingeimalizia.

"Ni uongo," mama yake akasema. "Usimwamini! Amezichora yeye!"

"Mama, nyamaza."

"Mimi ninyamaze?"

"Nyamaza, mama. Herufi zinakuja mbilimbili tangu mwaka jana. Kwenye kioo cha kusomea habari. Kuna siku nilisoma jina la waziri nikalikosea mara tatu, nikasingizia mitambo." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miwani nimebadilisha mara tatu mwaka huu. Huyu nilimdanganya aliponiuliza."

Mama yake akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

"Nitakuwa kipofu?" akaniuliza mwanawe.

"Hapana. Kuna tiba ya matone na mwanga maalumu ya kuikaza konea, isiendelee kuchongoka. Daktari wetu anaifanya, ukiwahi. Halafu ni lenzi ngumu, au miwani, maisha yako yote. Na ukipata watoto, wapimwe mapema. Wana haki ya kujua. Na mama yao pia."

"Ungeweza kuniacha nikatwe."

"Nilikuwa nimeshakuacha. Daktari amesaini."

"Kwa nini basi umerudi?"

"Kwa sababu ukiwa kipofu watu watakuonea huruma," nikamwambia. "Sitaki uonewe huruma. Nataka uone. Kila siku uamke, uivae hiyo miwani mbele ya kioo, ukumbuke ulimvua nani yake."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, Kiduchu."

"Hapana."

"Nilikuwa mwoga. Nilicheka ili wasinitazame mimi. Nilikupenda, haki ya Mungu, hata sasa..."

"Usimalizie. Una mchumba."

Walipita mapokezi wakiwa wameshikana mikono, sasa yeye ndiye aliyemwongoza mama yake. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wakamwona, wakagusana viwiko: si yule wa taarifa ya habari? Mbona amevaa miwani ya babu? Nilisimama mlangoni nikawasikiliza hadi wa mwisho. Sina haya kusema kwamba nilifurahi.

Kisha nikamsubiri daktari atoke kwenye upasuaji, nikamwekea picha nne mezani, nikamweleza nilichofanya tangu mwanzo. Hakupaza sauti. Aliichana ile karatasi vipande vidogo sana.

"Ungemharibu mtu kwa mikono yangu," akasema.

"Ndiyo, daktari."

"Mimi niliyekufanyia macho."

Hapo ndipo nilipolia. Aliniondoa kwenye vipimo, akaniweka mapokezi kufungua mafaili, mpaka atakapoona mwenyewe kwamba ninafaa kurudi. Sikumbishia.

Ni pale mapokezi aliponikuta mchumba wa mtangazaji, wiki tatu baadaye. Msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, hana vipodozi, pete kubwa kidoleni. Akasimama mbele ya dirisha langu.

"Ni wewe uliyempima?" akataja jina.

"Habari za wagonjwa hatuzitoi, dada."

"Ameshanieleza ya macho. Nimekuja kukushukuru au kukutukana, bado sijajua. Ameniambia hapa kuna mtu anamchukia. Nikimuuliza kwa nini, anakohoa."

Nikamtazama. Nilitaka kumchukia pia, ikashindikana. Ulikuwa wakati wa mapumziko. Tukaenda kantini, tukachukua chai, tukakaa kwenye meza ya dirishani.

"Ya macho yake siwezi kukuambia," nikasema. "Yangu naweza. Ni yangu."

Nikamsimulia. Geti, miwani, mjomba, chai ya shangazi, kicheko. Sikuongeza chumvi, haikuhitaji. Alisikiliza bila kugusa kikombe chake.

"Alicheka?" akauliza.

"Wa kwanza."

Akageukia dirisha. "Nina mdogo wangu wa kike," akasema. "Anatembea na mkongojo tangu utotoni. Mwezi uliopita mama mkwe akaniambia, siku ya harusi mdogo wako tutamweka meza ya nyuma, asije akaharibu picha. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama yeye, nikitegemea atasema kitu."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akasema mama anatania."

Nje watu walikuwa wanapanga foleni ya dawa. Akatoa simu kwenye mkoba, akabonyeza namba ya mama mkwe, akaiweka sikioni huku akinitazama mimi.

"Shikamoo, mama. Salama. Hapana, siendi kwa fundi leo. Mwambie asihangaike na gauni." Akasikiliza kidogo. Nilikuwa naisikia sauti ya upande wa pili ikipanda kama maji kwenye birika. "Hapana, mama, si macho. Macho ningeyapokea, hata angekuwa haoni kabisa ningemwongoza kwa mkono. Ni kicheko. Mwambie mwanao ni kicheko, yeye ataelewa."

Akakata. Akaivua pete, akaifunga ndani ya leso, akaitia kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, taratibu, kama mtu anayehifadhi dawa.

"Sasa unafurahi?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa ubaya.

Nilijichunguza kabla ya kujibu, maana alistahili jibu la kweli.

"Kwa ajili yao, ndiyo," nikasema. "Kwa ajili yako, hapana."

Akaitikia kwa kichwa, akasimama, akanishika bega mara moja, akaondoka kwa hatua ndefu bila kugeuka nyuma. Nilitegemea nitacheka, kicheko kile nilichokiweka akiba miaka minne. Hakikutoka. Lakini chai yangu niliimaliza yote, polepole, na ilikuwa tamu.